Lori la Krismasi na Kona ya Mianzi

Jumatatu, 1 Desemba 1958

Mvua tangu asubuhi. Baba Jerop ameingia jioni na habari iliyomfanya asahau kuvua viatu: bwana amemchagua yeye aendeshe lori la Krismasi. Amesimama katikati ya nyumba akidondosha matope kwenye sakafu niliyotoka kuifagia, anacheka peke yake. Jerop amemrukia shingoni. Mimi nimesema hongera, halafu nikamwambia avue viatu.

Kambi yetu iko juu kabisa, ndani ya msitu wa Mau, na kila Krismasi bwana mwenye kiwanda cha mbao hutoa lori liwashushe akina mama na watoto kupitia Elburgon hadi Nakuru, wauone mji, wanunue nguo, waimbe kanisani, kisha liwarudishe. Mwaka jana dereva alikuwa Dalmas. Kabla ya kuondoka aliketi na wazee kwenye mtungi, kama dereva wa Krismasi anavyotakiwa, akanyonya pombe yao kwa mrija mrefu, wakambariki. Hakufika mbali. Lori lilitoka barabarani kwenye Kona ya Mianzi, chini tu ya kambi, likaingia bondeni na watu wake. Wengi waliokufa walikuwa watoto. Jerop angekuwa mmoja wao kama hangekuwa anaumwa surua wiki ile.

Lori lilivutwa, likanyooshwa, likapakwa rangi ya kijani. Ndilo hilo anapewa mume wangu, naye anacheka.

Naandika kwa Kiswahili nilichofundishwa misheni, kwa sababu dada wa mume wangu hupekua kila kitu na hajui kusoma Kiswahili.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Kuni zinatoa moshi tu, na mimi nimeamka na hasira bila kujua nimkasirikie nani.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo limetokea jambo ambalo sijui niliweke wapi. Tulikuwa tunakunywa chai, jua halijazama, ukungu umeshaanza kuingia kambini. Tukasikia lori linashuka kutoka kambini kwenda kwenye kona. Injini ile naijua, ina kikohozi chake. Tukasikia dereva akibadilisha gia, lori likaenda, likaenda, kisha kimya. Jerop akaruka akasema, "Baba ameenda!" Halafu akaona baba yake amekaa palepale, kikombe mkononi.

Nimemwuliza nani amechukua lori. Amesema ufunguo anao yeye. Ametoka kuangalia, akarudi.

"Lori liko pale pale," amesema. "Ni upepo kwenye mianzi."

"Upepo unabadilisha gia, Baba Jerop?"

Aliacha chai yake, na yeye huwa haachi chai.

Jumanne, 9 Desemba

Amerudi kutoka kupeleka mbao Elburgon, ananuka pombe mpaka mlangoni. Nimemwambia tusidanganyane, ameliendesha lori akiwa hivyo. Akasema hajalewa, ameonja tu na watu wa stesheni kwa sababu ya Krismasi. Akasema eti dereva akionja kidogo mkono unatulia. Mkono wenyewe ulikuwa unatafuta ndoano ya kutundika koti na kuikosa.

Halafu akakaa, akaanza kuongea taratibu.

"Kuna watu wamenisimamisha kwenye kona."

"Watu gani?"

"Akina mama na watoto. Walikuwa wamesimama kando ya barabara, wamenyoosha mikono. Sikusimama. Nilijisemea, watu gani hawa wamevaa nguo za Krismasi na leo ni tarehe tisa?"

Nimejitia kucheka, nikamwambia hayo ndiyo mambo ya chupa. Lakini nimeogopa. Nimeogopa hao watu, na nimemwogopa zaidi yeye, ambaye aliwaona barabarani na hakukanyaga breki.

Jumatano, 10 Desemba

Nimefua koti lake. Harufu haitoki.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo nimekwenda kugombana na Cheptanui. Huyu ni mjane wa Dalmas, na tangu mumewe azikwe anapika pombe na kuiuzia kambi. Pombe ya wazee ya Krismasi huipika yeye tangu zamani, hata mumewe alipokuwa hai. Mimi simsalimii. Kanisani nimesema wazi kwamba mwanamke anayepika kitu kilichomuua mume wake hana moyo. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno yangu, makali yote.

Nimemkuta anaanika kimea juu ya gunia, karibu na moto kwa sababu jua hakuna. Hakushtuka kuniona.

"Ingia, Mama Jerop. Umekuja kunitukana, lakini nje kuna mvua."

Nimeingia. Nikasema mume wangu ataendesha lori. Akasema anajua. Nikasema pombe yake itamuua, na pengine itamuua mtoto wangu. Aliendelea kugeuza kimea kwa vidole.

"Unalisikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Lori. Mimi nalisikia kila jioni. Linashuka vizuri, anabadilisha gia vizuri, halafu halifiki chini. Nimekaa nikilisubiri lifike chini mwaka mzima."

Nikamwambia nimelisikia mara moja. Akaniangalia, macho yakamjaa machozi, nami nikaona aibu kwa yote niliyoyasema kanisani. Kumbe alidhani amepata wazimu peke yake. Ana watoto wanne wa kulisha na kazi nyingine hapa kambini hakuna mwanamke anayepewa. Hayo sikuwahi kumwuliza.

Tumekaa mpaka chungu cha mboga kikaungua. Yeye ndiye aliyetoa shauri. Pombe bila kimea ni uji tu. Kila mwaka hutia kimea siku nne kabla lori halijaondoka, ili iwe kali siku hiyo; mwaka huu ingekuwa Jumamosi, kwa sababu lori litaondoka Jumatano. Badala yake atasubiri mpaka Jumatatu. Jumatano wazee watanyonya mrija mpaka washibe, dereva atanyonya mpaka ashibe, na hakuna atakayelewa. Iive Ijumaa, lori limerudi, wanywe hadi walale.

"Na wakikuuliza?"

"Nitasema ni baridi. Mwanamume gani anajua kimea?"

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Ni mara ya kwanza kucheka mwezi huu.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekaa na Cheptanui kanisani. Watu wametazama, nami nikawatazama vilevile.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua, na upepo juu yake. Mianzi inalia usiku na mchana. Jerop anasema kuna watoto wanacheza kule chini kwenye kona, anawasikia wakihesabu na kujificha. Nimemkataza kwenda hata kwenye mto.

Jumamosi, 20 Desemba

Niliona nijaribu pia njia ya heshima. Nimemwendea Mzee Kipketer, ambaye ni nyapara kiwandani na ndiye mkubwa wa wazee wa mtungi. Ni mtu mwema, alitusaidia sana Jerop alipougua. Nimemwomba dereva abarikiwe akirudi.

"Mama Jerop, unataka kijana wangu aende barabarani bila baraka?"

"Nataka aende bila pombe, mzee."

"Ukikataa pombe ya wazee umewaambia wametia kitu ndani. Ataweza kukaa kambi hii na maneno hayo?"

Nikamkumbusha Dalmas. Hapo uso wake ukabadilika, akaniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi. Wazee walikaa baada ya mazishi wakazungumza. Waliona kosa liko wapi. Dalmas alikuwa na haraka, aliinuka mtungi ukiwa bado na pombe. Baraka ikabaki ndani, yeye akaenda mikono mitupu.

"Mwaka huu hatutarudia," amesema kwa upole, kama mtu anayenifariji. "Mumeo Kiplangat hatainuka mpaka mtungi uwe mkavu."

Mzee huyu anampenda mume wangu, tena analia akimtaja Dalmas, na kwa upendo huohuo atamnywesha mpaka mwisho. Mungu, kimebaki kimea tu.

Jumatatu, 22 Desemba

Cheptanui ametia kimea leo. Nilikuwepo.

Jumatano, 24 Desemba

Nilishona gauni la Jerop la kitambaa cha njano mpaka macho yakauma. Asubuhi tulikuwa tayari, kambi nzima. Bwana akaja na farasi wake, akasema mti mkubwa umeanguka barabarani na maji yamekata njia mbele yake. Lori haliendi leo. Kesho ni Krismasi yenyewe, hakuna wa kukata mti. Litaondoka Ijumaa.

Watoto walilia. Mimi nilisimama pale na gauni mkononi nikihesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Cheptanui alikuwa upande wa pili wa uwanja, naye nilimwona anahesabu.

Wazee walikwisha onja. Mzee Kipketer alitema, akasema hata mtoto wake wa mwisho anakunywa kitu kikali kuliko hiki. Kisha akatazama mbingu akatabasamu.

"Mungu ametupa siku mbili. Acheni iive."

Wamehamisha mitungi yote nyumbani kwake, karibu na moto.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Tumeimba chini ya banda la mbao. Baba Jerop hakunywa, aliimba na sisi, sauti yake nzuri. Nilimwomba nikiwa nimemshika mikono yote miwili. Nimemwambia kuhusu mtungi mkavu. Akasema atanyonya mrija kwa kujifanya tu. Namwamini nikiwa nimemshika.

Ijumaa, 26 Desemba

Naandika haya usiku.

Mti ulikatwa mapema, na maji yalikuwa yamepungua. Kufikia saa nne lori lilikuwa uwanjani, akina mama wanapanda, watoto wanaimba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka paa za nyumba hazionekani. Nilimpandisha Jerop mbele, karibu na kiti cha baba yake, na gauni lake la njano, kwa sababu Baba Jerop alikuwa amemwahidi hivyo. Kisha nikaenda kusimama mlangoni kwa Mzee Kipketer.

Walikuwa wamezunguka mtungi, mirija imelala kutoka midomoni mwao hadi katikati. Mwanzoni mume wangu alijifanya kweli, mashavu yake hayakusogea. Mzee mmoja akaona, akasema kwa mzaha kwamba Kiplangat anawaogopa. Hakuna aliyecheka. Mume wangu akaanza kunyonya kweli. Mtungi wa kwanza ukaisha, wakaongeza maji ya moto, ukawa kama mpya. Nikamwita. Akaja mlangoni.

"Umesema utajifanya."

"Wanatazama. Rudi kwa lori, Mama Jerop, unaniaibisha."

Alirudi kuketi. Kilichonitisha ni kwamba alipoinuka mwishowe, hakuyumba. Mzee Kipketer alimpulizia pombe kifuani, akampa baraka, akampindulia mtungi aone umekauka. Baba Jerop alitembea wima hadi kwenye lori, na macho yake hayakuniona nikiwa mbele yake. Alinipita kama nguzo.

Nilifungua mlango wa upande wa pili nikamshusha Jerop. Alipiga kelele, akang'ang'ania kiti, gauni likapasuka kwapani. Nilimvuta tu. Akina mama waliokuwa nyuma wakaniuliza nina nini. Nilikuwa nalia kwa hasira na hofu, nimemkamata mtoto anayenipiga ngumi.

Aliyesema ni Cheptanui. Alikuja uwanjani, akaketi kwenye majani yaliyolowa, mbele ya watu wote, akanyoosha miguu kama tunavyoketi matangani.

"Mimi nilimpikia Dalmas," amesema. "Nimempikia na huyu. Najua kilichomo tumboni mwake. Anayetaka kwenda, aende, nitabaki hapa nianze kumlilia sasa hivi."

Kisha mama mmoja akamteremsha mtoto wake, akashuka, akaketi. Akafuata mwingine. Wanaume walifoka. Mzee Kipketer alituambia tunatukana baraka. Baba Jerop alitoa kichwa dirishani.

"Pandeni! Pandeni twende!"

Hakuna aliyeinuka. Lori lilikuwa tupu kabisa, niliangalia mwenyewe, nilizunguka nyuma nikaangalia kila ubao. Palikuwa na matope tu ya miguu ya watoto. Akafunga dirisha, akaondoka nalo hivyohivyo, tupu, kwa ukali. Ukungu ukalimeza kabla halijafika mwisho wa uwanja.

Tulisikiliza. Lilishuka. Akabadilisha gia. Lilikwenda, likaenda, kisha kimya. Cheptanui akafunika uso. Kila mtu kambini aliisikia sauti ile, na nadhani kila mtu alikuwa ameshaisikia siku nyingi na kunyamaza.

Tulishuka mbio, sisi wanawake mbele. Kwenye Kona ya Mianzi lori lilikuwa limesimama, gurudumu moja la mbele liko hewani juu ya bonde, mianzi imelizuia. Baba Jerop alikuwa ameketi katikati ya barabara. Alikuwa mzima. Nilimkumbatia, nikampiga, nikamkumbatia tena.

"Wamepona wote?" akaniuliza.

"Nani?"

"Watu. Nyuma."

"Umekuja peke yako, Baba Jerop. Sisi tulibaki."

Alinitazama kama mtu asiyeielewa lugha yangu. "Walikuwa wamejaa. Waliimba njia nzima. Nikagonga ubao niwaambie wanyamaze, wakagonga nao."

Jumapili, 28 Desemba

Baba Jerop hali chakula. Trekta limekuja kuvuta lori. Lilivuta asubuhi yote, minyororo ikakatika mara mbili kabla lori halijatoka, na fundi wa bwana akauliza mbona lori tupu lina uzito wa lori lililopakia magogo.

Jumatano, 31 Desemba

Bwana ametangaza kesho akina mama wataenda Nakuru, mwaka mpya, na kwamba anatafuta dereva anayetaka. Wanaume wote waliinamisha vichwa. Jioni Baba Jerop amesema ataenda yeye. Nimemwambia labda anizike kwanza.

"Lazima, Mama Jerop. Nimebeba watu, bado wamo kwenye lori. Siwezi kuwaacha humo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Walipanda nikiwa mlevi. Nataka wanione nikiwa mzima."

Usiku huu sijui kama nitalala. Ameanza kunitisha kwa njia nyingine, lakini huyu ndiye mume niliyeolewa naye, huyu anayeongea polepole na kuniangalia usoni.

Alhamisi, 1 Januari 1959

Leo asubuhi ukungu ulikuwa uleule. Wazee walileta mtungi uwanjani. Baba Jerop alivua kofia mbele ya Mzee Kipketer.

"Mzee, pombe yako ni safi, nitainywa nikirudi. Nikiondoka nayo tumboni nitawaua hawa."

Mzee alitazama mtungi wake. Nilimwonea huruma. Nadhani alikuwa akimwona Dalmas. Mwishowe alitema mate kifuani mwa mume wangu, mate matupu, baraka ya zamani kabla ya mtungi, akageuka akaenda zake bila kumtazama mtu.

Kisha Baba Jerop akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mwanamume akikifanya. Alikuja tulipokuwa tumejipanga na watoto, akainama, akafungua mdomo. Alitaka tumnuse. Vijana wakacheka, yeye hakugeuka. Cheptanui alikuwa wa kwanza, akamnusa, akaitikia kwa kichwa, akapanda. Wakafuata mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Ilikuwa chai na maziwa. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya arusi, na nilimwambia, hapo hapo mbele ya watu.

Nimekaa mbele, Jerop katikati yetu. Alishuka polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulipofika Kona ya Mianzi akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Akina mama nyuma waliacha kuimba. Mianzi ilikuwa imetulia, hata jani halikutikisika.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Basi tunangoja nini?"

Hakunigeukia. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni, kwa subira, kama anavyowatazama wazee wakishuka Elburgon.

"Wanashuka," akasema.

Nilitoa kichwa dirishani. Wenzangu wote walikuwa mahali pao, wamewashika watoto, hakuna aliyesogea. Lakini nilisikia lori likiinuka chini yetu, kidogo, halafu kidogo tena, springi zikilia, kama linavyoinuka stesheni mbao zikipakuliwa. Liliinuka hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu walikuwa wengi. Lilipotulia, Baba Jerop akaweka gia, akatupeleka Nakuru.